Kikundi kilikuwa wazi kwa kila mtu, mbona walibaki walewale? Niliyoyakuta kwenye daftari la mahudhurio (uzi mrefu)

#1 Mleta uzi

Wakuu habari za jioni, poleni na majukumu. Juzi kwenye uzi mwingine kuna mdau aliuliza kwa nini vikundi vya maigizo vya mitaani vimejaa vijana wa kiume na wanawake ni wawili watatu, nikaanza kumjibu nikaona naandika gazeti kwenye uzi wa mtu, bora nifungue wangu.

Mimi ni katibu wa kikundi cha sanaa za maonyesho hapa Morogoro mjini, huu mwaka wa 11. Tunaigiza sokoni, viwanja vya shule, zahanati siku za kliniki, na mara mojamoja tunaitwa huko juu milimani Uluguru. Matatizo bado tunayo msije mkadhani tumemaliza, ila kuna kitu tulikigundua kikatubadilisha na natamani vikundi vingine visisubiri miaka saba kama sisi.

Katiba yetu, ile unayotakiwa kuwa nayo ukienda kusajili kikundi BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa), imeandikwa uanachama ni wazi kwa mkazi yeyote bila kujali jinsia, dini wala hali yake. Na tulikuwa tunaamini hivyo kabisa, mtu akija tunampokea, hakuna aliyewahi kufukuzwa. Sasa mwaka wa saba tukapata kazi ya kuigiza kuhusu uzazi salama, igizo zima la wajawazito na wakunga, tukajikuta tuko 19 na wanawake ni wanne na mmoja wao ana mitihani. Mwenyekiti akasema basi wanaume wawili wavae khanga. Tukaenda zahanati, mbele ya akina mama wenye matumbo yao, mwanaume kavaa khanga anajikunja kwa uchungu, vijana kule nyuma wakacheka sana, akina mama hawakucheka. Kuna mmoja aliinuka katikati ya igizo akaenda kukaa kule kwenye mzani wa watoto, akatupa mgongo mpaka tunamaliza. Ile picha haijanitoka.

Usiku ule nikachukua daftari la mahudhurio, maana katibu ndio mimi na naandika kila siku ya mazoezi, nikaanza kutoa majina ya watu waliokuja mara moja, mbili, tatu, afu wakapotea. Wakafika 31 kwa ile miaka yote. 22 ni wanawake. Wawili viziwi, mmoja anatumia kiti cha magurudumu, wazee watano. Yaani wale tuliokuwa tunasema kwenye vikao kwamba "hawajitokezi" walishajitokeza, majina yao ninayo kwa mwandiko wangu mwenyewe, na hakuna hata siku moja niliyokwenda kuuliza fulani yuko wapi.

Nikawatafuta. Ilinichukua karibu miezi miwili, wengine wamehama, ila 17 niliwapata na nikawauliza swali moja tu: siku ile ya mwisho ulipotoka mazoezini ulikuwa unawaza nini?

Jibu lililorudi zaidi ni SAA. Sisi tulikuwa tunafanya mazoezi Jumatatu, Jumatano na Ijumaa kuanzia saa 11 jioni mpaka saa 2 usiku kwa sababu vijana wengi wako kwenye vibarua mchana. Haya fikirieni saa 11 jioni mama yuko wapi. Yuko jikoni. Au ndio anawasha jiko la chipsi barabarani, ile ndio saa yake ya pesa. Binti anayekaa kwa wazazi akitoka saa 2 usiku afike Kihonda saa 3, baba yake atamwelewa siku ngapi? Yule wa kiti cha magurudumu akaniambia daladala za jioni zimejaa, konda hata hasimami akimuona, kwa hiyo kila mazoezi kwake ilikuwa bajaji kwenda na kurudi. Kwa hiyo sisi tulipopanga saa ndio tulipanga nani awe msanii na nani asiwe, na hatukujua kama tunapanga kitu kikubwa hivyo, tuliona ni ratiba tu.

La pili skripti. Mwandishi wetu ni kijana msomi, anatoa fotokopi, kila mtu anapewa siku ya kwanza anaambiwa soma kwa sauti tuone. Kuna mama mmoja muuza ndizi, sasa hivi ndio mhimili wetu, aliniambia alipopewa ile karatasi mikono ilitoka jasho akasema ameacha mtoto nyumbani, akaondoka. Kumbe hajui kusoma. Alirudi nyumbani akamwambia mumewe kule wanataka wasomi.

La tatu ni nafasi wanazopewa. Fundi cherehani mmoja kiziwi alikuja siku nne, dada yake ndio alinitafsiria. Alisema tulimpa nafasi ya bubu anayepiga kelele za ajabu watu wacheke. Nikabisha moyoni, nikarudi kwenye daftari na skripti ya mwezi ule, ni kweli. Niliiandika mimi kwenye mgawanyo wa wahusika: "Bubu – kichekesho".

La nne nitalisema kwa kifupi sababu ni zito na linahusu watu walio hai. Mabinti wawili, kila mmoja kwa wakati wake na hawajuani, walitaja mtu mmoja aliyekuwa anagawa nafasi kubwa kwa wanaokubali kumtembelea. Alikuwa ameshaondoka kikundini tulipojua, ila sisi wengine tulikuwepo tunacheza ngoma.

Na kuna mzee akaniambia kitu kidogo kabisa: "Nilikuja siku tatu nikakaa kwenye benchi, hakuna aliyeniambia nifanye nini."

Tukakaa kikao kirefu, kiligawa watu, wawili wakatoka kikundini. Ila tukabadilisha. Mazoezi yakawa Jumamosi saa 3 asubuhi mpaka saa 6, na Jumapili saa 9 alasiri watu wakishatoka kanisani na kupumzika, na mwezi wa Ramadhani tunasogeza tena tunamaliza mapema watu wakaandae futari. Watoto wanaruhusiwa, kila wiki mwanachama mmoja anashika zamu ya watoto na anahesabiwa kama yuko mazoezini, akiwa mwanaume au mwanamke. Nauli inatoka kwenye mfuko wa kikundi KABLA, sio refandi, maana ukimwambia mtu asiye na 1,200 kwamba atarudishiwa hujamsaidia. Na skripti ya karatasi tukaiweka pembeni, nitaeleza chini wakiuliza.

Leo tuko 34, wanawake 18. Nataka kusikia na wengine, vikundi vyenu mmefanyaje, na nyie mlioacha sanaa mliacha kwa nini? Semeni bila kuogopa.

#2

Mkuu uzi mzuri ila mimi nitasema tofauti na naomba nisieleweke vibaya. Sanaa ni kipaji. Nimeigiza miaka 15, sasa ukianza kusema huyu apewe nafasi kwa kuwa ni mama, huyu mzee, huyu mlemavu, ubora unashuka, watazamaji wanaondoka na aliyekulipa haiti tena. Halafu mazoezi mara mbili kwa wiki badala ya tatu, lini watu wataiva? Mimi nimeona vikundi vikifa kwa huruma.

#3 Mleta uzi

Mkuu #2 nashukuru umesema wazi, hayo ndio walisema wale wawili waliotoka na niliwaheshimu kwa kusema usoni.

Ngoja nikupe kisa. Mwaka wetu wa tano, kabla ya mabadiliko, tukiwa na wale wenye vipaji watupu na mazoezi mara tatu kwa wiki, tuliandaa igizo la mirathi. Mume amekufa, ndugu wa mume wanakuja wanamnyang'anya mjane shamba, mjane analia, mjumbe anakuja na sheria, shamba linarudi. Tulikaza kweli, mavazi mazuri, machozi ya kweli. Tukalipeleka kijiji kimoja huko milimani. Tumemaliza tunasubiri makofi, bibi mmoja akasema kwa sauti, "Hiyo sio ya kwetu hiyo." Waluguru wanafuata ukoo wa mama. Shamba kule ni la ukoo wa mama, shida inayowatesa watu pale sio hiyo tuliyoigiza, ni nyingine kabisa, ni mjane aliyeolewa akalima miaka 20 kwenye ardhi ya ukoo wa mumewe na mume akifa shamba linarudi kwa wapwa wa mume, na ni baba anayetaka kumwachia mwanae wa kumzaa shamba lakini wajomba wanasema sio lake. Tumetoka Morogoro mjini, nusu yetu mababu zetu wametoka hiyohiyo milima, tukawapelekea watu igizo la nchi nyingine. Sababu ni nini? Hapakuwa na hata mmoja mwenye miaka zaidi ya 35 kwenye chumba tulipolitunga.

Sasa mwaka juzi tumelirudia, limetungwa na yule mama muuza ndizi na wazee wawili. Hawakuandika. Walikaa kwenye mkeka wakasimulia kesi wanazozijua, wengine tukawa tunainuka tunaigiza hapohapo, wanatukatiza, "mjomba haongei hivyo, mjomba akija kwenye mambo ya shamba anaanza kwa kuulizia watoto," tunarudia. Siku ya tatu igizo lipo. Tunarekodi sauti kwenye simu, kila mtu anapata kwenye grupu la WhatsApp anasikiliza akiwa anauza ndizi au anashona. Na mkuu huyo mama asiyejua kusoma ndio anayeshika maneno kuliko sisi wote, tukikwama tunamuuliza yeye.

Tulipolipeleka kijiji kilekile watu hawakuondoka mpaka giza linaingia. Kwa hiyo kipaji mimi nakiheshimu, ila tulikuwa tunakipima kwa kusoma karatasi kwa sauti saa 11 jioni. Kipimo chenyewe kilikuwa kinapima mambo mengine.

#4

Mimi natumia kiti cha magurudumu, niko Dodoma, nimefanya sanaa kidogo zamani. Naomba niongezee moja ambalo watu wanaotembea hawalioni. Unaalikwa kwenye igizo "jumuishi", unafika, steji iko juu. Wanakuja vijana wanne wanakubeba juujuu na kiti chako mbele ya watu, umati unapiga makofi. Umeshakuwa igizo kabla hujafungua mdomo. Sikurudi tena. Na nafasi nilizopewa maisha yangu yote ni mbili tu, ombaomba au mgonjwa anayeponywa mwishoni. Mimi ni mhasibu kwa kazi, nina watoto watatu, nataka kuigiza baba mkorofi anayekula ada ya watoto, nitamweza sana huyo baba.

#5 Mleta uzi

#4 umenigusa kaka, na hilo la kubebwa tulilifanya na sisi, kwa nia njema kabisa, na yule mwenzetu alikuja kutuambia baadaye kwamba alitamani ardhi ipasuke.

Tulitaka kutengeneza njia ya mteremko. Fundi akatuelekeza kipimo kinachofaa ni 1 kwa 12, yaani kila sentimita moja ya kwenda juu unahitaji 12 za urefu. Steji yetu ina sentimita 60, maana yake mita 7.2 za mbao, na tunasafiri na vifaa kwenye Kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo. Haibebeki. Ukiifanya fupi inakuwa mwinuko, mtu anarudi kinyumenyume anaumia.

Tukakaa tunahangaika na hesabu za mbao, akaja mpiga ngoma wetu mzee akauliza, "Kwani steji ya nini? Ngoma huwa inachezwa juu?" Basi tukashuka chini. Sasa hivi tunaigiza duara, wasanii katikati, mikeka mbele kwa watoto na wazee, upande mmoja unaachwa wazi bila mkeka kwa ajili ya viti vya magurudumu wakae mbele sio nyuma ya migongo, mabenchi yanafuata, wanaosimama nyuma kabisa. Gharama ni sifuri. Lazima uwanja uwe mgumu, mchanga na tope tairi zinazama, kwa hiyo siku hizi mtu anatangulia kukagua uwanja kabla hatujakubali mwaliko, na kukagua choo pia, maana mtu hawezi kukaa masaa matatu mahali ambapo choo kina ngazi.

Baba mkorofi uje uigize huku kwetu, sisemi kwa utani. Mwenzetu wa kiti cha magurudumu sasa hivi anaigiza mwenyekiti wa kijiji mla rushwa na hakuna mstari hata mmoja kwenye igizo unaozungumzia miguu yake.

#6

Dada mleta uzi, asante kwa kutaja lile la nne japo kwa kifupi. Mimi nilikuwa nacheza kwenye kikundi kimoja mkoa mwingine sitautaja. Nafasi yangu ilikuwa aidha changudoa au mke anayepigwa. Kila igizo "la kumkomboa mwanamke" mimi napigwa. Mazoezi ya kupigwa mara tatu kwa wiki, na anayenipiga anafurahia, na nikisema polepole naambiwa sina uhalisia. Na aliyekuwa anapanga nafasi alikuwa na masharti yake, mnaelewa. Nilipokataa nikawekwa kwenye kubeba mavazi mpaka nikachoka nikaacha. Natamani kurudi lakini naogopa. Nyie mnalindaje wasichana?

#7 Mleta uzi

Pole sana mdogo wangu. Na hukosei kuogopa.

Kwanza ujue hicho kitu kina jina kwenye sheria, ni rushwa ya ngono, kipo kifungu cha 25 cha sheria ya kuzuia na kupambana na rushwa ya 2007. Haisemi wakubwa wa maofisi tu, mtu yeyote mwenye mamlaka anayeyatumia kudai ngono ili akupe kile unachostahili. Tuliwasomea wanachama wote kikaoni, wanaume kwa wanawake.

Kwetu nafasi hazigawiwi na mtu mmoja tena. Watu wanajaribu nafasi mbele ya wote, kamati ya watu watatu inaamua na lazima wanawake wasipungue wawili, na sababu zinasemwa. Hakuna mazoezi ya watu wawili chumbani. Hakuna mazoezi nyumbani kwa mtu. Tukirudi safari usiku gari linapeleka mabinti na akina mama mpaka karibu na kwao kwanza, vijana mwisho. Malalamiko anapokea mama mmoja ambaye SIO mwanachama, hatungi, haigizi, hana posho kwetu, ni mstaafu tunayemheshimu wote, kwa sababu mwanzoni malalamiko yalikuwa yanakuja kwangu na mimi ni rafiki wa nusu ya kikundi, nani ataniambia?

Na matukio ya kupigwa tumeyaondoa. Tunaonyesha kabla na baada. Mtazamaji anayaelewa, wengi wanayajua majumbani.

#8

Nawasalimu kutoka Kiambu, Kenya. Huu uzi umenikumbusha Kamĩrĩthũ pale Limuru, wazee wetu wanaikumbuka. 1977 Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ walifanya mchezo kwa Kikuyu na wanakijiji wenyewe, wakulima, vibarua wa mashamba ya majani chai, wafanyakazi wa kiwanda cha viatu. Na hiyo stori yako ya saa ndio imenifanya niandike: mazoezi yao waliyaweka Jumamosi na Jumapili alasiri ndio watu wasipoteze kazi, na Jumapili alasiri kwa vile asubuhi watu wako kanisani. Mazoezi yalikuwa wazi, mtu anapita anasimama anasema hapana, mzee haongei hivyo, na skripti inabadilishwa. Uwanja wa maonyesho wa watu zaidi ya 2,000 waliujenga kwa mikono yao. Mchezo ulianza kuonyeshwa Oktoba 1977, Novemba serikali ikafuta leseni, mwisho wa Disemba Ngũgĩ wa Thiong'o akashikwa akawekwa ndani bila kesi, na 1982 uwanja wenyewe ukabomolewa na polisi. Mimi huwa najiuliza, Nairobi kulikuwa na Kenya National Theatre tangu 1952 na hakuna aliyeibomoa. Kilichoogopwa ni nani alikuwa anaongea na kwa lugha gani. Sasa lugha kwenu mnafanyaje, Kiswahili tu?

#9

Nami niongeze nikiwa niliyesoma sanaa za maonyesho Chuo Kikuu pale Mlimani, Dar. Mleta uzi, hayo mnayofanya ya kutunga na watu mkekani yana historia hapa nchini na inasikitisha vikundi vingi havijui. Miaka ya 80 mwanzoni walimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Penina Mlama, Amandina Lihamba na Eberhard Chambulikazi, walienda Malya kule Mwanza. Hawakwenda na igizo mkononi. Walikaa na wanakijiji, wakauliza shida ni nini, wakachambua pamoja, ikaibuka ya mabinti wa shule kupata mimba, na wanakijiji wenyewe wakatengeneza kazi kwa ngoma na maigizo wanayoyajua. Baadaye 1996 ukaanza mradi wa TUSEME kwenye shule za sekondari, wasichana wenyewe wanataja kinachowakwamisha na kukiigiza, ukaenda mpaka nchi nyingine za Afrika kupitia FAWE, lile jukwaa la wanawake wa Afrika walio kwenye elimu.

Kilichoharibu baadaye kwa maoni yangu ni pesa za miradi. Kikundi kinapewa ujumbe umeshaandikwa, "igizeni kuhusu chandarua", siku mbili, vituo kumi, ripoti yenye picha. Hapo hakuna nafasi ya bibi kusema hiyo sio ya kwetu.

#10 Mleta uzi

Asanteni sana #8 na #9, mmenifundisha. Lile la Jumapili alasiri nimelisoma mara mbili, sisi tulidhani tumevumbua.

Lugha: mjini Kiswahili, milimani tunachanganya na Kiluguru, wazee wanaachwa waongee walivyozoea, na yule kijana msomi sasa kazi yake ni kuhakikisha wa mjini hawapotei. Na lugha ya alama. Hapa tulikosea mwanzo, tulimweka mkalimani wa LAT (Lugha ya Alama ya Tanzania) pembeni kabisa karibu na spika, amevaa kitenge cha maua, na shoo ya jioni taa zote ziko kwa wasanii. Fundi cherehani wetu, alikubali kurudi baada ya kumwomba radhi mbele ya kikundi, akatuambia shingo inauma, ukimtazama mkalimani tukio limekupita, ukitazama tukio maneno yamekupita, na mikono kwenye maua haionekani. Sasa mkalimani yuko ndani ya igizo, anakuwa jirani anayezunguka na wahusika, nguo ya rangi moja, taa usoni na mikononi. CHAVITA, chama cha viziwi, ndio walitusaidia kumpata. Na huyo fundi ana tukio lake zima la dakika tano hakuna anayetamka neno, mteja mdanganyifu anakataa kulipa, watu wanalielewa lote, na ni lenye kuchekesha kwelikweli na anayechekwa ni mteja.

#9 kuhusu pesa za miradi, kweli. Tumeweka sharti, ukituletea ujumbe tunaomba siku tatu za kukaa na watu kabla, asiyekubali tunakataa kazi. Mwaka jana tulikataa mbili na iliuma, tulikuwa tunadaiwa pango la stoo.

Na mjadala baada ya igizo ni kama igizo lenyewe. Ukisema "nani ana maoni" watasimama wanaume walewale watano na mtendaji. Kwa hiyo tunavunja duara, akina mama kivyao, vijana kivyao, wanaume kivyao, dakika 20, afu kila upande unarudi unaigiza jibu lake badala ya kulisema. Mwanamke ambaye hawezi kusema mbele ya baba mkwe wake anaweza kuliigiza.

#11

Na posho je? Maana vikundi vingi vinafia hapo. Dairekta anakula nusu.

#12 Mleta uzi

#11 hapo ndio palitutoa jasho kuliko yote.

Zamani ikilipwa kazi, mwenyekiti na dairekta mara tatu ya msanii, msanii mkubwa zaidi ya mdogo, wapiga ngoma chini, na akina mama wanaopika chai na maandazi ya safari HAWAMO kwenye orodha. Hao akina mama walikuwa wanachama, kwenye daftari naandika wamehudhuria, kwenye orodha ya malipo siwaandiki, na mkono ulioandika vyote viwili ni mmoja. Hili nimelibeba mpaka leo.

Sasa tunafanya hivi. Pesa ikiingia tunatoa kwanza usafiri, mkalimani, na sehemu ya mfuko wa nauli. Inayobaki inagawanywa kwa siku za kazi, siku ya kuigiza, siku ya kutunga, siku ya kupika, siku ya kushika watoto, zote bei moja. Dairekta analipwa siku zake ambazo ni nyingi kwa hiyo bado anapata zaidi, ila kila mtu anaona kwa nini. Hesabu inaandikwa kwenye bango ukutani kwa herufi kubwa na inasomwa kwa sauti kwa wasiosoma, na mkalimani anaitafsiri. Dairekta wetu wa zamani hakukubali, ndio mmoja wa wale waliotoka, na simlaumu sana, ana familia, ila hatukurudi nyuma.

Tunachoshindwa mpaka leo: vijana wa kazi za kutwa, Jumamosi asubuhi ni siku yao ya kibarua, tumewapoteza watatu na ni wazuri. Tulipohamisha saa kwa ajili ya akina mama tukawafungia wao. Tunajaribu sasa Jumamosi mbili asubuhi na mbili alasiri kwa zamu, wiki ya tatu hii, bado sijui kama itashika. Wasioona pia hatujui tufanyeje vizuri kwenye uwanja wenye kelele za sokoni, mwenzetu mmoja asiyeona anakaa karibu na mpiga ngoma na kuna mtu anamnong'oneza kinachotendeka, ila anasema ananong'onezwa kwa kuchelewa na wenzie wanacheka yeye bado. Mwenye uzoefu na hilo aniandikie hapa, tafadhali sana.

Na #6, kama uko popote karibu na Morogoro njoo Jumamosi. Wiki hii ni ile ya alasiri, saa 9, usije na pesa ya nauli nitakutumia kabla. Ukija siku tatu na ukaacha, nitakuja kukuuliza.